Weupe wa Fremu za Mwalimu

Fundi rangi mmoja tulimwita Taratibu, kwa sababu hata chai aliipuliza mara nne kabla ya kuionja. Alikuwa na desturi yake: kila kazi, huchovya kijiti kwenye kopo la rangi, huandika nyuma yake nyumba ni ya nani, kisha hukitundika dirishani kwake. Mteja akileta maneno, kijiti ndicho shahidi.

Basi sikilizeni yaliyompata. Mwalimu mmoja mstaafu aliweka vibao vya kufungia madirisha kwa ndani, vipya kutoka kiwandani, vyeupe pe. Akataka na fremu za madirisha ziwe na weupe ule ule. Taratibu akabeba kibao kimoja hadi dukani, akakilinganisha juani, akapata rangi ya mafuta iliyolingana nacho kama pacha. Akachovya kijiti chake, halafu akamwachia kopo shemeji yake, kaka wa mkewe, apake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa.

Miezi minane baadaye Mwalimu akamwita.

"Fundi, njoo uone meno ya mvuta sigara."

Akafungua vibao vya sebuleni. Fremu zilikuwa za njano.

"Mimi nilisema nyeupe, fundi. Sikusema siagi. Mlinipakia nini?"

Taratibu alirudi nyumbani mbio, akakitazama kijiti. Cheupe vile vile! Moyo ukamwambia: kopo lilibadilishwa. Na nani alibaki nalo? Akakumbuka kuwa chumba cha shemeji kilipakwa upya mwezi ule ule wa kazi ya Mwalimu. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea.

Mkewe akamsihi. "Baba watoto, yule ni kaka yangu. Muulize, usimhukumu. Mkikosana nyinyi, mimi nitakaa upande gani?"

Hakusikia. Alimkuta shemeji uani, anaosha brashi kwa tina ya kuyeyushia rangi.

"Shemeji, rangi ya Mwalimu ilikwenda wapi?"

"Kwenye fremu za Mwalimu."

"Na ya chumbani kwako ilitoka wapi?"

Shemeji akaikung'uta brashi polepole. "Umekuja kuuliza, au umekuja kuniita mwizi?"

"Kijiti hakidanganyi."

"Haya. Kafanye kazi na kijiti chako."

Taratibu akaenda peke yake kwa Mwalimu kurudia kazi. Alipiga msasa sebuleni, akapiga chumbani, akaingia jikoni. Hapo mkono ukasita. Fremu ya jikoni ilikuwa nyeupe pe! Kopo lile lile, siku ile ile, mkono ule ule.

"Mwalimu, hili dirisha lina nini?"

"Bawaba ya kibao ilivunjika, halifungiki."

"Na mengine?"

"Mengine siyafungui kabisa. Tangu nipasuliwe macho, mwanga unanichoma."

Taratibu akakaa juu ya ndoo. Miaka yote alikuwa akiona milango ya makabati: nje nyeupe, ndani njano, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini. Rangi ya mafuta ikinyimwa mwanga hugeuka njano. Vibao vya kiwandani vilikuwa na rangi ya namna nyingine, havikugeuka. Na kijiti chake kilikuwa kinaota jua dirishani kila siku, ndiyo maana kilibaki cheupe.

Siku hiyo hiyo akaenda kwa shemeji. Hakukaa kitini.

"Nimekukosea, shemeji. Rangi iligeuzwa na giza. Wewe hukugusa kitu."

"Ya chumbani kwangu nilinunua. Ungeuliza, ningekwambia."

"Najua."

"Sasa ndiyo unajua."

Shemeji alirudi kazini, kwa ajili ya dada yake. Fremu za Mwalimu walizipaka pamoja, safari hii kwa rangi ya maji, isiyogeuka gizani, na zikalingana na vibao. Wanasalimiana vizuri, wanataniana hata. Lakini mpaka leo shemeji hafungui kopo akiwa peke yake. Huliweka chini, huchukua bisibisi, huita kwa sauti ya kusikika nyumba nzima:

"Shemeji! Njoo ushuhudie."

Na Taratibu huacha alichoshika, huja, husimama, hutazama.