Kupika na Kubika

Watu wa kwenye filamu ya zamani ya wazungu hawajui kulia. Hiyo ndio kitu ya kwanza nilisema nikikaa kwa saluni ya msusi mmoja Mganda, hapa mtaa wa Hai Cinema, televisheni yake haizimwi, na mpaka leo sijabadilisha. Mtu anakufa, mwenye kubaki anaenda kusimama dirishani. Basi. Chozi moja inatoka, inatembea kwa shavu polepole kama mgeni amepotea njia, na mama wa watu anaifuta kabla haijafika mahali. Na ukiona mtu anakohoa kwa kitambaa nyeupe, anza kumuombea. Huyo hafiki mwisho.

Mimi nilikuwa naenda kwa sababu ya binti yangu, kitinda mimba wangu. Yeye ndio anapenda hizo filamu, ya farasi na mishumaa, zile wanasema zimepewa zawadi kubwa kubwa. Zawadi mimi ningempa farasi. Farasi peke yake ndio anaonyesha uchungu.

Bwana wa binti yangu tulimzika kule Rejaf, mvua ikianza. Matanga sisi hapa Juba tunaita bika, maana yake kilio, na kwa bika ya bwana wake, binti yangu hakulia. Siku zote hizo yeye anapita na sinia ya chai. "Karibu, sukari iko hapa. Karibu, kiti iko hapa." Kama mwenye hoteli! Wifi yake, mwenye mdomo kama makasi, akasema na ile sauti yake inapitia kwa pua: "Eh! Macho kavu namna hii, alimpenda kaka yetu kweli?" Nikamwambia, "Wewe machozi yako inatosha kufua mashuka ya watu. Si umpatie kidogo." Watu wakacheka. Lakini mimi ile neno ya huyo wifi iliniingia.

Si ati nilikuwa na shaka. Huyu nilimzaa mimi. Akiwa mdogo, tukiwa wakimbizi kule Uganda, aliungua mkono kwa jiko, akanyamaza kimya. Wiki iliyofuata akalala na homa mpaka tukaita padri. Uchungu ya huyu mtoto, asipoitoa kwa mdomo, inarudi kwa mwili. Na sasa nilikuwa naona: nguo inamshuka mabegani, sufuria yake imefunikwa tangu siku ile ya mazishi. Yeye aliyekuwa anapika bamia, bwana wake analamba mpaka vidole ya jirani! Moto hakuwasha tena. Ukimuuliza, sauti inatoka kama ya ile mwanamke wa ndani ya simu, anayesema mtu hapatikani: "Niko sawa, Mama. Niko sawa, Mama."

Basi siku moja, Jumamosi, saa nane ya mchana, tuko saluni. Mganda mikono yake iko ndani ya kichwa ya binti yangu, anasuka, na mdomo yake inanitafsiria mimi, ananiita Jaja, bibi kwa lugha yao. Binti yangu Kiingereza anasikia, lakini anatazama tu.

"Eee banange, Jaja, huyu mama amepata barua."

"Barua inasema nini?"

"Mtoto wake amekufa kwa vita."

"Na yeye anafanya nini?"

"Anakunja barua."

"Anakunja! Barua ni shuka?"

Mama wa filamu akainuka. Akavua ile soksi ya mikono, akatembea, akatembea, hiyo nyumba yake kubwa kama kanisa, mpaka akafika jikoni kwa wafanyakazi. Wote wakasimama. Akasema neno moja.

"Anasema," Mganda akatafsiri, "leo mimi mwenyewe nitapika."

Sasa sikio yangu mimi imekua na Kiarabu ya Juba. P na B kwangu ni mapacha. Ikibisha hodi, sijui ni nani amekuja. Mimi nilisikia: nitabika. Nikasema moyoni, asante Yesu, mwisho huyu mama amekubali kulia! Na kwetu mwanamke akianza bika, haachwi alie peke yake. Ni aibu. Nikatupa shuka yangu ya begani chini, mikono kichwani, nikaiachia:

"Uuuuwi! Mtoto wetu! Uuuuwi! Umetuachia nani!"

Mwanamke mmoja akatoka kule ya kuoshea nywele, povu inamwagika kwa macho. "Nani? Nani amekufa?"

"Mtoto wa huyu!" Nikaonyesha televisheni.

Kwa televisheni yule mama alikuwa anamenya kitunguu.

"Jaja!" Mganda akapiga kelele. "Anapika! Chakula! Sufuria! Vitunguu!"

"Si umesema anabika?"

Halafu binti yangu akacheka. Nywele nusu imesukwa, nusu imesimama kama imeona nyoka, akacheka mpaka kitana ikaanguka. Mimi nikafurahi, nikarudia ile uwi yangu kidogo, nimuongezee. Halafu nikasikia kicheko inabadilisha njia. Ikashuka chini tumboni, na ikirudi juu ilikuwa na sauti ingine. Hiyo sauti naijua. Ni ya mama yangu, akilia kwa bika. Binti yangu akamuita bwana wake, na lile jina la nyumbani, la wao wawili tu.

Mganda akazima sauti ya televisheni. Hakuna mtu alisema malesh, pole, nyamaza. Nilikaa chini kwa miguu ya binti yangu, nikamfuata kulia, safari hii pole pole. Na yule wa povu pia akalia. Sisi hatumjui. Labda alikuwa na marehemu wake.

Kilio ikaisha, binti yangu akapenga kamasi, akamwambia Mganda, "Malizia hii upande ingine."

Njiani, tukipita sokoni, akaniuliza. Pua imeziba bado: "Mama, bamia iko kwako?"

"Ya kupika ama ya kubika?"

Akanisukuma na bega.

Jioni aliwasha moto. Alimenya vitunguu mingi kuliko ile sufuria inataka, machozi inamshuka, na mimi nikamsogezea ingine.