Kifuniko cha Dumu la Zamzam

Mwanangu, juzi nilikuona ukiilaani chupa ya juisi kwa kuwa kifuniko chake kimekuumiza kidole, nikacheka peke yangu. Nilikumbuka siku ile ami yangu aliporudi kutoka Hija.

Alikuja na dumu moja tu la maji ya Zamzam. Nyumba yetu pale Bagamoyo ilijaa. Jamaa walitoka Msata na Lugoba kumlaki haji wao, kila mmoja akitarajia kuonja maji hayo, japo ya kujaa kikombe cha kahawa. Lakini funda la kwanza lilikuwa la bibi, mama yake ami. Miguu ilikwisha kumkataa, Hija hakujaaliwa, na mwanawe alipoaga hakumwomba zawadi nyingine ila hiyo. Tukamkalisha kitandani, tukamwelekeza kibla, kikombe mkononi.

Dumu nikapewa mimi nifungue, kijana mwenye mikono ya jembe. Nikazungusha kifuniko, wapi! Nikashika kwa khanga, nikajaribu kwa meno. Bibi anangoja.

"Mwezi wa Mfunguo Sita waoa," akasema shangazi, "na kifuniko kimekushinda? Masikini mtoto wa watu!"

Watu wakaangua kicheko. Kwa hasira nikasema waliotengeneza kitu kile hawajapata kuona kiu, nikachukua kisu nilitoboe dumu ubavuni.

"Weka chini!" Ami hakupaza sauti, lakini niliweka. "Dumu hili limekuja ndani ya tumbo la ndege. Wapagazi wamelitupa kichwa chini miguu juu, basi la kuja huku limelirusha njia nzima, na halikudondosha hata tone. Leo uje uyamwage wewe, mbele ya mama yangu?"

Akanionyesha pete nyembamba ya plastiki chini ya kifuniko. Ilikuwa na kiulimi kidogo ambacho mimi, kwa pupa zangu, sikukiona. Akakivuta kwa vidole viwili. Pete ikaachia taratibu, ikifuata mstari uliopunguzwa unene makusudi, ikatike hapo na si pengine. Kifuniko kikazunguka kama kimepakwa mafuta.

"Hakuna aliyeyaonja kabla yangu?" bibi akauliza.

"Hakuna, mama. Angekifungua mtu kifuniko, pete hii tusingeikuta nzima."

Bibi akapiga bismillahi, akanywa, akafumba macho kitambo. Kisha akatuombea sote, wazima na waliotangulia, na mwisho akasema, "Na fundi wa kifuniko hiki, simjui, hanijui. Mola amlinde kama alivyonilindia maji yangu." Hakuna aliyecheka. Tukaitikia amina.

Tangu hapo, mwanangu, chupa nazitazama kwa heshima. Itazame ya soda, ile ya plastiki: kitako chake kina vijiguu, kwa kuwa gesi inasukuma kutoka ndani, na kitako bapa kingevimba, chupa isisimame. Kuna mtu alikaa akaliwaza hilo, nawe ukanywa soda yako Vigwaza bila kujua.

Basi nakuusia: kitu kikikuwia kigumu, kabla hujakitukana au kukitoboa, uliza kinalinda nini, na kwa ajili ya nani. Tafuta mahali fundi alipokuachia pa kushika. Na ukishakunywa, mtaje kwa dua. Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye subira, akujaalie nawe kazi ambayo mtu usiyemjua, mbali huko, ataipokea salama na kukuombea. Amin.