Mashine Mbili, Jina Moja

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya teleksi, Kampala, Mkuu wa Mitambo hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nina ndugu jeshini. Nikamwambia sina, mimi ni Mkenya kutoka Bungoma, nimepanga chumba Kawempe.

"Vema," alisema. "Na ukiwa naye, usiniambie."

Ilikuwa miaka ya sabini, wanajeshi wakitawala, na watu walikuwa wamezoea kunyamaza mlango ukifunguliwa.

Vijana wa kompyuta huniambia kwamba leo kila kifaa mtandaoni kina vitambulisho viwili: anwani inayopewa na mtandao, na namba inayotoka nayo kiwandani. Kwetu pia vilikuwa viwili. Teleksi ilikuwa kama taipureta iliyoungwa kwenye laini. Ulichopiga Kampala kilijichapa Nairobi. Namba ya kupigia ilikuwa ya laini, hivyo ukihamisha mashine, namba ilibaki palepale. Jina lilikaa ndani ya mashine, kwenye kigurudumu chenye meno. Fundi alivunja baadhi ya meno kwa koleo, na mpangilio wa yaliyobaki ndio ulioandika herufi. Mtu wa upande wa pili akibonyeza kitufe cha kuuliza "nani wewe?", kigurudumu kilizunguka chenyewe na kuchapa jina. Watu waliliamini kama sahihi ya mkono.

Mwaka wangu wa tatu, mashine ya ofisi moja ya mizigo kule bandarini Port Bell iliharibika. Vipuri vilikuwa adimu, kwa hiyo tuliwapa mashine nyingine, nikaichongea kigurudumu chenye jina lilelile. Ile mbovu ikabaki karakanani. Kanuni ilitaka nitoe kigurudumu chake cha zamani na kukiharibu. Sikufanya hivyo.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, aliingia Kapteni mmoja wa usalama na karatasi mkononi. Kuna mtu aliyetuma kwa gazeti la Nairobi orodha ya watu waliochukuliwa majumbani mwao wasirudi. Mwishoni mwa orodha lilichapwa jina la mashine ya Port Bell.

"Karani wa huko, Odong, iko kwetu," alisema Kapteni. "Anakataa. Nyinyi sema tu: hii jina ni ya mashine yake?"

Mkuu alisema atakagua daftari. Nikaenda nyuma, kwenye ile mashine mbovu. Vumbi lilikuwa limefutwa, utepe wa wino ulikuwa mpya, na nilipoiwasha, ilinguruma vizuri. Mtu alikuwa ameitengeneza na kuiunga kwenye laini ya karakana. Funguo za karakana zilikuwa mbili, yangu na ya Mkuu. Si mimi niliyeitengeneza.

Nikisema kweli, Odong ataachiwa, na mimi na Mkuu tutachukuliwa. Nikinyamaza, Odong hatarudi kwa wanawe. Nilichomoa kile kigurudumu, nikakitia mfukoni, nikachukua kipya ambacho hakijachongwa.

"Afande," nilisema niliporudi, "ofisi yako ina teleksi?"

"Iko."

"Jina lake?"

Alinitajia. Nilivunja meno mbele yake, nikakiweka kigurudumu kwenye mashine ya majaribio, nikamwomba abonyeze kitufe kwenye mashine ya pili. Karatasi ikachapa jina la ofisi yake.

"Afande, mashine hii haijawahi kufika kwako," nilisema. "Vigurudumu hivi vinauzwa hata Nairobi. Yeyote mwenye koleo anaweza kujiita Port Bell."

Kapteni aliisoma mara mbili. Kisha akaanza kunitazama mimi, si karatasi.

"Nani nafundisha wewe huu ujanja?"

Mkuu wa Mitambo akainuka, akafunga vifungo vya koti lake.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," alisema. "Kila anachokijua humu amekipata kwangu."

Wakaondoka naye. Jioni hiyo nilikivunja kile kigurudumu vipande vipande, nikakitumbukiza chooni Kawempe. Odong aliachiwa siku ya pili. Mkuu alikaa kizuizini wiki tatu. Aliporudi, mkono wake wa kushoto haukuweza tena kushika koleo, nami nikawa namshikia. Hatukuzungumzia jambo lile. Nilimheshimu, na nilimwogopa: kama ndiye aliyetuma orodha, alikuwa amemwacha Odong abebe msalaba wake hadi nilipoingilia.

Nilistaafu nikiwa fundi mkuu. Teleksi zilikuwa zimeshauzwa kama vyuma chakavu. Nilikwenda Mengo kumuaga yule Mkuu wangu wa zamani kabla ya kurudi Bungoma. Mkewe alitutilia chai, akatuacha.

"Wafula," aliniambia, "sasa niambie. Orodha ile uliipata kwa nani?"

Niliweka kikombe mezani. "Mzee, mimi nilidhani ni wewe."

Alinitazama kama Kapteni alivyonitazama. Nami nilikuwa namtazama vilevile. Mpaka leo sijui nani aliketi mbele ya mashine ile, wala kama mmoja wetu alikuwa anadanganya.

Kisha akaweka mkono wake mbovu juu ya meza.

"Siku ile nilisema ni mimi kwa sababu niliamini ni wewe," alisema. "Ningejua si wewe, sijui kama ningeweza kuinuka."