Mwalimu Nukta na Cherehani Yangu

Nukta si jina alilopewa na mama yake. Tulimpa sisi majirani, kwa sababu akimaliza kusema jambo lake hutia "nukta" mwishoni, kama mtu anayegongelea msumari. "Mimi kitunguu kibichi sili. Nukta." Amefundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili, sasa amestaafu, na mkewe ameshachoka kusahihishwa. Ana mashati matatu meupe anayoyapiga pasi mwenyewe, maana haamini mkono wa mtu.

Nilimwita kwa shida yangu. Mwanangu wa mwisho anaishi nchi ya mbali na amezaa mtoto wa kike asiyejua hata neno moja la kwetu. Wakipiga simu ya picha, binti yangu mkubwa hukaa katikati kama mlango, anatafsiri. Nikisema maneno kumi, anapeleka mawili. Siku moja nilimwambia mjukuu ana masikio ya babu yake. Jibu likarudi kwamba ahsante, na yeye hajambo. Nikaapa. Siku mtoto atakapotimiza miaka saba nitasema naye mwenyewe, au sisemi naye tena.

"Kiingereza, mama? Kwa umri huo?" binti yangu akauliza.

"Umri wangu unakuuma wapi wewe?"

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja.

Mwalimu akaja na ubao mdogo. Nikamwambia kazi siachi. Akitaka kunifundisha, anifundishe nikishona. Akakaa kwenye kigoda katikati ya vipande vya vitambaa, akakunja suruali isishike nyuzi.

"Tuanze, mama. Sema: paka yuko juu ya mkeka."

"Paka wa nani?"

"Wa mfano tu."

"Mimi sina paka, na mkeka nimeutoa nje. Lugha ya watu haianzwi kwa uongo, mwanangu."

Tulibishana siku mbili. Ya tatu akasalimu amri, akanitungia sentensi za kweli tupu. Ninashona. Unashona. Jana nilishona. Kila neno nilikanyagia pedali, nalo likaingia kama sindano kwenye kitambaa. Mambo ya leo nikayameza, ya jana nikayameza. Ya kesho nikayakataa. Nitasemaje nitafanya, na mimi sijui kama nitaamka?

"Ni mazoezi tu, mama!"

"Kesho ni ya Mungu."

Akafuta ubao kwa mkono wa shati lake jeupe. Hapo nikajua nimemfikisha mwisho.

Siku ikafika. Wakanivisha, wakaniketisha sebuleni kwenye kochi kama mgonjwa aliyepata nafuu. Mwalimu akakaa pembeni, magoti kayabana, utadhani mtihani ni wake. Mtoto akatokea kwenye simu, ana pengo mbele, akanisalimu.

Nikafungua mdomo. Mtupu! Kiingereza cha mwezi mzima kimekauka. Mguu wangu wa kulia ukaanza kupapasa chini, ukapiga meza, chai ikamwagika kwenye zulia.

"Basi mama, niachie nimwambie mimi," binti yangu akanyoosha mkono kuchukua simu.

Machozi yalinilenga, siwafichi.

Mwalimu alikuwa akiutazama mguu wangu. Akaruka. "Usiguse simu! Huyu anasemea miguu! Leteni cherehani! Nukta!"

Wakaifuata chumba cha pili, yeye na mkwe wangu, mume wa binti yangu. Ni ya chuma, ya zamani.

"Inua, mwalimu!"

"Nimeinua!"

"Umeinua meza ya pasi, mwalimu!"

Wakaifikisha wakihema, mafuta yamemchafua mwalimu kifua kizima. Nikatia mguu kwenye pedali, cherehani ikanguruma, na maneno yakaja yamepanga foleni. Nikamwambia mjukuu wangu, kwa Kiingereza: mimi ni bibi yako. Una masikio ya babu yako.

Akayashika yote mawili, akacheka. Kisha akapaza sauti kuishinda cherehani: bibi, unashona nini?

Nikatazama chini ya sindano. Hata uzi hamna. Nikamwambia kweli: sishoni kitu.

Akacheka mpaka akapotea kwenye picha. Aliporudi alikuwa bado ananitazama, kidevu mkononi, anangoja. Nikakanyaga kwa kasi.

"Kesho nitashona gauni lako," nikamwambia, kwa lugha yake.

Mwalimu, aliyekuwa sakafuni anapangusa kifua, akasema polepole, "Nukta."

Asubuhi yake nilikata kitambaa kabla ya chai, maana neno lilishatoka. Kilichobaki kikatosha mfuko wa shati la mwalimu, pale penye doa ambalo sabuni imeshindwa kulitoa. Hakuniomba. Ni wa njano, una maua. Atauzoea.