Mkono wa Mama Hoza

Naikumbuka siku moja ya matope, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya, hata kwa uzee wangu huu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimeajiriwa kuwafuatilia wagonjwa wa daktari mmoja aliyetafiti ugonjwa adimu wa gegedu, ile mifupa laini ya masikio, pua na koo. Huvimba, hutulia, huvimba tena. Kwa hiyo alitaka kila mgonjwa atembelewe kila mwezi, miaka nenda miaka rudi.

Mgonjwa wangu wa mbali alikuwa Mama Hoza, mkulima wa kabichi kule juu Magamba. Kufika kwake ni kupanda mlima saa nzima, njia imejaa matope, nami nilikuwa na viatu vipya. Ndiyo, viatu, cheka tu. Basi nikasimama ng'ambo ya bonde, nikapaza sauti: "Shikamoo, mama. Hamjambo huko?" Akainua mkono, akaupunga. Nikaandika kwenye fomu: hajambo, hana maumivu. Nilifanya hivyo miezi mitatu. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi ufupi huo ndio nilioupenda.

Mwezi wa nne daktari akasema twende wote. Tulimkuta ameketi kitandani, pumzi zinatoka kwa mluzi. Ugonjwa ulikuwa umeshuka kooni.

"Nisamehe, mama," nilimwambia. "Nilidhani unaitikia salamu."

Akanong'ona, "Sauti ilishakwisha, mwanangu. Nilikuwa nakuita uje."

Hospitali walimtoboa koo ili apumue. Alipona, lakini hakusema tena. Daktari hakunigombeza; alichukua kalamu yangu, akazipiga mstari mwekundu fomu zangu tatu mbele yangu, akanirudishia. Afadhali angenitukana.

Leo umepata kazi kama yangu ile, na una simu mkononi, utashawishika kuwauliza watu hali ukiwa umeketi. Mwanangu, kwetu mtu hata akiungua homa hujibu "sijambo". Hiyo ni adabu, si taarifa. Panda, ingia ndani, keti, uliza mara ya pili. Usipofika, andika kwamba hukufika: pengo kwenye fomu halimdanganyi mtu, ila uongo wako utamponza hata mgonjwa usiyemjua, kwa kuwa daktari huwatibu wengine kwa yale aliyoyasoma kwenye fomu zako.

Nenda. Mungu akupe magoti imara, na kila anayekungoja umkute angali na sauti ya kukuambia karibu.