Samawati kwenye Makoti Meupe

Dobi mmoja walimwita Bi Theluji, kwa sababu nguo nyeupe zikitoka mikononi mwake ziliumiza macho kwa weupe. Miaka ishirini na miwili alifua makoti ya wauguzi wa zahanati kwa maji ya mto uliopita nyuma ya ua wake.

Jumanne moja makoti yakatoka yana samawati.

Akadhani amezidisha buluu, ile ya kung'arisha nguo. Akasuuza upya, rangi ikakolea. Kesho yake akaacha buluu kabisa, na bado. Akamvamia muuza sabuni dukani.

"Umenichanganyia nini humu?"

"Mama, si sabuni ile ile ya siku zote!"

Akabadilisha sabuni, akasugua mabeseni, akaenda hata kupimwa macho. Macho mazima.

Muuguzi mkuu alilifungua furushi, akaguna. "Bi Theluji, siku hizi sisi ni polisi wa kuvaa samawati?"

Zahanati ikamnyima kazi; alirudi nyumbani aibu imemjaa. Bintiye ndiye aliyemfumbua macho. Alikuwa na miezi mitano katika kiwanda kipya cha jinzi upande wa juu wa mto, na kwa mshahara wake walikuwa wameezeka upya paa lililokuwa likivujia vitanda.

"Mama, nadhani maji ya kuoshea jinzi siku hizi yanaingia mtoni."

"Unadhani au unajua?"

"Bomba naliona kila siku. Ila usinitaje, nitafukuzwa."

Bi Theluji alikaa kitako, hajui amgombeze nani. Mwishowe akaenda ofisi ya maji, akaeleza habari za makoti tu, la binti akalimeza. Wakamtuma mpimaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akachota maji ya mto chupa moja upande wa juu wa ua na nyingine upande wa chini. Baada ya wiki mbili akarudi na karatasi.

"Rangi ni ya kiwanda. Tumewaamuru wajenge bwawa la kuchujia." Akageuza ukurasa. "Lakini hili povu la chini, mama, ni lako."

"Langu mimi?"

"Sabuni yako. Ndiyo inayonenepesha magugu yaliyoziba mto kule mbele."

Bi Theluji aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima. Siku zote alijihesabu miongoni mwa watu wanaosafisha.

Bwawa lilijengwa. Kuna siku mto hupita safi, kuna siku samawati hurudi bila hodi. Yeye alichimba shimo la kokoto la kumwagia povu, akavuta maji ya bomba, na zahanati ikamrudishia nusu ya makoti.

Juzi kiwanda kilimtumia ujumbe: awafulie aproni za wafanyakazi wote. Hajajibu.

"Mama, utawaambiaje?" binti aliuliza leo asubuhi akivaa viatu vya kazini.

"Sijui, mwanangu. Kweli kabisa sijui. Hebu nishikie upande huu wa shuka tukamue."