Anza na Shingo

Jumamosi iliyopita mume wangu aliingia nyumbani na boksi kwapani, akaliweka mezani katikati ya sahani za bukari, ugali wetu, kama mtu aliyeleta nyama. Ndani mlikuwa na mashine ya kunyolea ya umeme, nyeusi, inang'aa. Alisema ni ya kumtoa mtoto wetu nywele za kwanza. Nikamwuliza kwa nini, wakati kinyozi yuko ng'ambo ya barabara, hapa hapa mtaani kwetu Ruashi, na yeye mwenyewe ananyolewa pale mwaka wa pili sasa. Akashusha sauti.

"Weye hausikie vile bantu banasema siku hizi? Ule bwana haiko muntu wa kwetu. Kichwa ya mutoto, mi siwezi kumupa."

Nilikusanya sahani nikaenda kuziosha kwa kelele mpaka moja ikapasuka. Ninaandika haya na hasira bado ninayo, kwa hiyo usitegemee niyapambe. Maneno yale niliyasikia nikiwa na miaka saba. Na mashine ile nilishaiona.

Wewe msomaji uliyekulia mji huu ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, unazikumbuka Jumamosi zetu. King'ora cha kiwanda kililia saa sita, wanaume wakarudi na baiskeli, moshi wa bomba kubwa ukashuka ukatuachia ladha ya kiberiti ulimini. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Mimi kazi yangu ilikuwa birika. Nilichemsha maji, nikalishika mpini kwa kitambaa, nikapita kwenye tundu la ua hadi kwa jirani yetu kinyozi.

Kiti chake kilikuwa cha mbao, miguu ya nyuma ameipunguza kidogo ili mtu alale chali. Mkanda wa ngozi aliufunga kwenye nguzo ya kibaraza, na kila akiupitishia wembe ulilia pa-pa, pa-pa, sauti iliyofika mpaka jikoni kwetu. Halafu sabuni, povu jeupe ndani ya bakuli la bati, na harufu ambayo mpaka leo nikiinusa kwa mtu barabarani nageuka kumtazama.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, anaanza na shingo. "Shingo ikitulia, uso itafwata," alikuwa akisema. Ya pili, hamalizi kazi iliyoanzwa na mkono mwingine. Kuna kijana mmoja alikuja amenyolewa nusu. Mke wake alikuwa amemwachia wembe katikati ya ugomvi. Kinyozi hata hakusimama.

"Rudia kwa bibi yako. Mi sichukue kazi ya katikati."

"Baba, nakuomba! Kesho iko misa!"

"Basi ukae upande wa kushoto ya kanisa, bakuone upande muzuri."

Tulicheka wiki nzima. Kijana alienda misa na nusu ya ndevu zake.

Baba yangu alikuwa karani, shati jeupe, tai, kalamu mbili mfukoni. Alitoka jimbo la Kasai kwa treni kabla sijazaliwa. Kinyozi alikuwa mtu wa huku huku Katanga. Sikuwahi kusikia jambo hilo likisemwa pale kibarazani. Nilichokiona ni baba yangu akilala kwenye kile kiti na wembe juu ya koo lake. Kulala kabisa, hata kukoroma. Kinyozi aliinua wembe hewani, akangoja mkoromo upite, akaendelea.

"Karani, siku moja utaota unakimbia, mi nitakukata."

"Ukinikata, nani atakuandikia barua kwa mukwe yako?" baba alijibu bila kufungua macho.

Halafu wakubwa wakatangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Bendera mpya, stempu mpya, na neno jipya kwa ajili yetu watu wa Kasai: wageni. Mimi niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka bomba la maji, nikawa mgeni pale bombani. Watu walisimama vikundi vikundi, na tukifika wananyamaza. Nyumba moja ya watu wa Kasai ilichomwa mtaa wa pili. Mama alianza kupanga nguo zetu ndani ya mashuka badala ya sanduku.

Wazungu nao walikuwa wanaondoka. Bosi wa baba alitandaza vitu vyake bustanini, akamwambia karani wake achague kimoja cha kumkumbukia. Nadhani unakisia baba alirudi na nini.

"Cherehani ilikuwa pale?" mama aliuliza.

"Ilikuwa."

"Na pasi?"

"Ilikuwa."

"Na weye ukaleta kitu ya kukwangua ndevu!"

Baba alisema wembe ni mambo ya zamani, muntu wa ofisi anatumia rasoir ya courant, mashine ya umeme. Baadaye, nikiosha birika nyuma ya mlango, nilimsikia akimwambia mama maneno mengine, polepole. Kwamba siku hizi hawezi kumpa mtu wa huku shingo yake.

Nyumba yetu ilikuwa na taa moja tu katikati ya chumba, na waya wa mashine ulikuwa mfupi. Baba aliuchomeka pale pale kwenye soketi ya taa, akasimama chini yake kidevu juu kama kuku anayekunywa maji. Mashine ililia kama nyigu ndani ya kopo. Ilipita vizuri mashavuni, lakini zile ndevu zilizojikunja chini ya kidevu iling'oa badala ya kukata. Machozi yalimtoka. "Iko muzuri," alisema. Mama alitazama ukutani.

Jumamosi ya kwanza nilipeleka birika kama kawaida, hakuna aliyenikataza. Kinyozi alitazama nyuma yangu.

"Baba yako iko mugonjwa?"

"Hapana. Iko na rasoir ya courant." Na kwa kuwa alikuwa rafiki yangu, na nilikuwa na miaka saba, nikamalizia: "Anasema hawezi kumupa muntu wa huku shingo yake."

Kinyozi alimimina maji yote chini, kwenye vumbi jekundu, yakatoa moshi. Akanirudishia birika tupu.

"Peleka kwenu."

Sikumwambia mtu. Nimekaa nalo miaka yote hii.

Ulikuwa mwezi ule wa joto kabla ya mvua, jakaranda zimemwaga maua njia nzima. Asubuhi moja baba alisimama chini ya taa, akamaliza shavu la kulia, na vita vikaingia mjini: risasi zikalia upande wa uwanja wa ndege. Taa ikazimika. Nyigu akanyamaza. Tulingoja. Umeme haukurudi.

Ungemwona ungecheka, nusu ofisi nusu msitu. Lakini njia ya kwenda kazini ilikuwa na kizuizi cha askari wa Katanga, na kila mtu alijua wanavyofikiri. Mwanaume aliyenyolewa nusu ni mwanaume aliyekimbia mahali. Na aliyekimbia ana kosa. Na jina lake likiwa la Kasai, kosa limeshapatikana. Kutokwenda kazini nako kulikuwa kosa, kwa sababu walikuwa wanawafuata nyumbani walioacha kazi. Wembe hatukuwa nao. Kabla ya mashine ile, maisha yake yote baba alikuwa ananyolewa na mkono wa mtu mwingine.

"Kisu ya sombe iko," mama alisema. Hakuwa anatania.

Baba alinitazama. "Chemsha maji."

Tulipita kwenye tundu la ua, yeye mbele, mimi na birika nyuma. Kibarazani walikuwepo wanaume wanne. Walinyamaza, kama bombani. Kinyozi alikuwa anapitisha wembe kwenye mkanda, pa-pa, pa-pa, hakuacha.

"Nani alianza hii kazi?"

"Courant," baba alisema.

"Basi courant amalize."

Mmoja wao alicheka. Nilitaka ardhi inimeze, mimi na birika langu. Baba alifungua tai, akafungua vifungo viwili vya shati, akaketi kwenye kiti, akalala chali. Koo lake lote likawa juu, na vile vipele vya mashine, mbele ya watu wanne ambao sikujua walikuwa wa upande gani.

"Anza na shingo," alisema.

Kinyozi alisimama juu yake na wembe wazi, muda ambao sijui kuupima. Halafu kinyozi akanyoosha mkono kwangu, akachukua birika.

Alimpaka povu uso mzima. Uso mzima, hata lile shavu la kulia lililokwisha nyolewa. Nilielewa baadaye sana. Hakumaliza kazi ya mtu. Alianza yake. Akapitisha wembe kutoka shingoni, taratibu. Baba safari hii hakulala. Lakini alifumba macho.

Hawakuombana msamaha. Hilo ndilo linalonikasirisha mpaka leo, wanaume wale wawili na midomo yao mizito. Kinyozi alimfuta kwa taulo, akasema tu, "Kizuizini upite upande wa kushoto, iko pale mutoto wa dada yangu." Baba alipita. Alirudi jioni.

Wiki haikuisha tukahamia kambi ya wakimbizi, na kinyozi ndiye aliyebeba godoro letu kwenye baiskeli yake mpaka mahali ambapo mtu wa huku hakuweza kupita. Mashine tulienda nayo. Kambini, mahema na matope, umeme wa kutoka wapi? Baba alifuga ndevu. Tuliporudi, vita vimeisha, kibaraza kilikuwa na watu wengine wanaokausha mihogo, na hakuna aliyejua kinyozi ameelekea wapi. Kwenye nguzo ulibaki msumari wa mkanda. Baba yangu anazo ndevu zile mpaka leo, zimekuwa nyeupe. Wajukuu wanadhani ni mapambo.

Na sasa wananiletea mashine ile ile mezani kwangu, na minong'ono ile ile. Siku hizi hakuna king'ora cha saa sita mtaani kwetu, pa-pa ya mkanda imebaki kwa wachache, na sijamwona tena mwanaume akikoroma chini ya wembe. Mume wangu alinisikiliza nikimsimulia yote haya. Akasema zamani ni zamani.

Niliinuka nikachemsha maji. Mtoto nilimfunga mgongoni, birika nikalishika kwa kitambaa, nikavuka barabara.

Kinyozi wetu alishangaa kuona mteja analeta maji. Hapa Ruashi hawaijui desturi hiyo.